Somo la 6: Chini ya Mretemu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 1 Wafalme 18:41–46, 1 Wafalme 19:1–21, Kutoka 18:13–23, Hesabu 11:10–17, Zaburi 32:3, 4, Marko 6:30–32, Yakobo 5:17.

Fungu la Kukariri: 1 Wafalme 19:7. Lisome kwa sauti katika Biblia yako kila siku ya juma hili, na uangalie sababu aliyoitoa malaika alipomwamuru nabii ale.

Ibada ya Sabato ilikuwa imekwisha katika kanisa moja la mjini. Washiriki walikuwa nje wakisalimiana, na katika chumba kidogo cha nyuma mhazini na shemasi walikuwa wakihesabu zaka na sadaka. Hesabu ikakataa. Zilipungua shilingi 2,000. Mhazini akahesabu mara ya pili, ya tatu, ya nne. Mara ya tano akazisukuma bahasha kando, akalaza kichwa juu ya meza, akalia kama mtu aliyefiwa.

Shemasi alishindwa kuelewa. Huyu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wanne, aliyeitunza hazina ya kanisa kwa miaka saba bila doa. Shilingi 2,000 zingemlizaje? Shemasi hakujua kwamba fedha zile hazikuwa sababu ya kilio. Zilikuwa tone la mwisho katika ndoo iliyokwisha kujaa.

Hali iliyompata mwalimu yule ndiyo inayoitwa msongo wa mawazo. Humpata mtu pale mambo yanayomdai yanapozidi nguvu alizonazo, na asione mahali pa kuutua mzigo. Waumini wengi huificha hali hii, kwa kuwa wamezoea kudhani kwamba mwenye imani hachoki. Basi hutabasamu Sabato, na kulia Jumapili.

Juma hili tutamfuata nabii Eliya kutoka Karmeli hadi Horebu. Tutaona kwamba Mungu alimtunza mtumishi wake aliyechoka kwa utaratibu maalumu: kwanza usingizi na chakula, kisha swali, kisha kazi mpya pamoja na mwenzi. Mara nyingi kanisani na nyumbani tunaanza na karipio, na mkate tunausahau kabisa.

Jifunze somo hili siku kwa siku, ukijiandaa kwa mjadala wa Sabato ijayo.

JUMAPILI
Baada ya Karmeli

Soma 1 Wafalme 18:41–46 na 1 Wafalme 19:1–3. Orodhesha mambo yote aliyoyafanya Eliya katika siku ile moja. Je, fungu linasema popote kwamba alikula?

Tunapoihubiri sura ya 18, kwa kawaida tunaishia pale moto uliposhuka. Lakini siku ya Eliya haikuishia hapo. Tangu asubuhi alikuwa amesimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, mbele ya mfalme, na mbele ya taifa lililokuwa likisitasita. Aliijenga upya madhabahu iliyovunjika. Aliomba, moto ukashuka. Akateremka mpaka kijito cha Kishoni, kisha akapanda tena mlimani. Hapo akainama, uso wake kati ya magoti, akaombea mvua huku akimtuma mtumishi wake mara saba kutazama upande wa bahari. Mvua ilipokuja alikimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, umbali wa zaidi ya kilometa 20.

Angalia jambo moja dogo katika fungu la 41 na la 42. Eliya alimwambia Ahabu aende akale na kunywa. Ahabu akaenda kula. Eliya hakwenda. Alikumbuka tumbo la mfalme, wala hatusomi kwamba alilikumbuka la kwake.

Nyuma ya siku hiyo kulikuwa na miaka mitatu na nusu ya ukame, ya kujificha penye kijito cha Kerithi, ya kuishi ugenini Sarepta, huku akitafutwa kila mahali. Kisha ukaja ujumbe wa mwanamke mmoja, Yezebeli, nao ukamwangusha mtu ambaye manabii 450 walishindwa kumtikisa. Aliondoka akakimbia hata Beer-sheba, kusini kabisa mwa nchi, zaidi ya kilometa 100 kutoka Yezreeli.

Tukio hili linatufundisha jinsi msongo unavyofanya kazi. Muumba ameweka ndani ya miili yetu njia ya kukabiliana na hatari ya ghafla. Mtu anapotishwa, mwili hutoa homoni kama adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, pumzi hukazana, misuli hukaza, na sukari huongezeka katika damu ili mtu apate nguvu za kupigana au kukimbia. Hatari ikipita, mwili hutulia. Ni zawadi njema, lakini imekusudiwa kwa muda mfupi.

Shida ni kwamba mwili hautofautishi simba na mkopo. Deni la kikundi, mgonjwa wa muda mrefu ndani ya nyumba, mkuu wa kazi asiyeridhika, ada ya shule inayokaribia: vyote huuamsha mwili kana kwamba simba yuko mlangoni, na simba huyo haondoki majuma hata miezi. Ndipo hata jambo dogo humwangusha mtu mkubwa.

Kumbuka siku ambayo ulikasirika au kulia kupita kiasi kwa jambo dogo. Ni mizigo gani mingine uliyokuwa umeibeba siku hiyo?

JUMATATU
Mwili Unaposema

Soma 1 Wafalme 19:3, 4, 10 na Zaburi 32:3, 4. Ni dalili zipi za kulemewa unazoziona kwa Eliya? Daudi naye anasema nini juu ya mwili wake?

Daudi katika zaburi hii anazungumza juu ya dhambi aliyoificha. Hata hivyo anataja ukweli unaogusa kila mzigo unaofichwa: kinywa kikinyamaza, mifupa husema. Mtu anaweza kuwadanganya majirani kwamba yuko salama, lakini mwili wake haudanganyiki.

Kwa Eliya tunaona dalili nne. Ya kwanza ni kukimbia. Alitoka mahali pa kazi yake bila kuagizwa na Bwana. Ya pili ni kujitenga. Alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani mwendo wa siku moja peke yake. Ya tatu ni kuyaona mambo kuwa mabaya kuliko yalivyo. Alisema amebaki yeye peke yake, ingawa Obadia alikuwa amekwisha kumweleza juu ya manabii 100 waliofichwa pangoni (1 Wafalme 18:13). Alikuwa na habari hiyo, lakini akili iliyochoka haikuweza kuikumbuka. Ya nne ni kukata tamaa ya maisha yenyewe. Aliketi chini ya mti wa mretemu akaomba afe.

Katika maisha ya kila siku dalili huja polepole. Usingizi hukatika saa nane usiku, na mawazo huanza kuzunguka. Kichwa huuma, shingo na mabega hukaza, tumbo huvurugika, hamu ya chakula hupotea au huzidi. Mtu husahau mambo, hushindwa kuamua hata jambo jepesi, hukosa uvumilivu kwa watoto. Kinachompendeza hakimpendezi tena. Maombi huwa mafupi na makavu. Wengine hujificha ndani ya kazi zaidi, wengine ndani ya simu, wengine hurudia pombe waliyokuwa wameiacha.

Mwalimu yule mhazini alikuwa na dalili hizi kwa miezi mitatu. Alikuwa ameacha kwaya akisema koo linamsumbua. Alikuwa akiwafokea watoto wake, kisha usiku akilia kwa kujuta. Washiriki waliona, wakasema mwalimu siku hizi amekuwa mkali. Hakuna aliyemwuliza kulikoni.

Jambo la kutia moyo ni kwamba Biblia haikuzificha dalili za Eliya. Yakobo anamtaja kuwa mwanadamu mwenye tabia kama zetu, na anamtaja akiwa mfano wa maombi (Yakobo 5:17). Kuchoka hakukumwondolea unabii. Hata Musa (Hesabu 11:15) na Yona (Yona 4:3) walimwomba Mungu awaue. Mungu hakumwua hata mmoja wao.

Neno la tahadhari ni muhimu hapa. Huzuni nzito au kukosa raha kunakoendelea zaidi ya majuma mawili, hasa pale mtu anaposhindwa kulala, kula au kufanya kazi zake, kunahitaji mganga wa kituo cha afya au mshauri aliyefunzwa. Na mtu anayesema anatamani kufa asiambiwe kwamba anakufuru, wala asiachwe peke yake. Aketi na mtu anayemwamini, vitu anavyoweza kujidhuru navyo viondolewe, na asindikizwe kupata msaada siku hiyo hiyo. Kwenda hospitali kwa ajili ya akili iliyochoka si upungufu wa imani, kama vile kwenda kwa ajili ya malaria si upungufu wa imani.

Mwili wako umekuwa ukikuambia nini mwezi huu? Nani anajua?

JUMANNE
Mkate Kabla ya Swali

Soma 1 Wafalme 19:5–8. Malaika alimfanyia Eliya nini? Je, kuna neno lolote la kumkemea katika mafungu haya?

Kama kikao cha kanisa kingeletewa habari kwamba mhubiri ameiacha kazi na kukimbilia jangwani, ni rahisi kukisia jinsi kikao hicho kingeendelea. Angeitwa ajieleze. Angekumbushwa ahadi zake. Pengine angewekewa mtu wa kumwombea ili imani yake irudi.

Mbingu ilifanya vingine. Kwanza Eliya aliachwa alale. Kisha malaika akamgusa, akamwambia ale. Kichwani pake palikuwa na mkate wa moto na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamgusa tena, akampa chakula tena, na kutaja sababu: safari iliyo mbele ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Hakumwambia kwamba angepaswa kuiweza. Alikiri kwamba imemzidi.

Usingizi mara mbili, chakula mara mbili, mguso mara mbili. Mahubiri, hata moja. Mungu aliyeuumba mwili kwa mavumbi anakumbuka kwamba sisi ni mavumbi. Alijua kwamba nabii mwenye njaa na usingizi asingeweza kuisikia sauti ya upole aliyokusudia kumsemesha kule Horebu.

Yesu alifanya vivyo hivyo. Soma Marko 6:30–32. Mitume walirudi wakiwa na taarifa nzuri za kazi, na watu walikuwa wengi wakija na kwenda hata hapakuwa na nafasi ya kula. Makutano walikuwa na shida za kweli. Hata hivyo Yesu aliwaita wanafunzi wake waende kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo.

Hapa ndipo kanuni nane za afya tunazozifundisha zinapoonekana kuwa sehemu ya injili: lishe bora, mazoezi, maji, jua, kiasi, hewa safi, pumziko, na kumtumaini Mungu. Kwa mtu mwenye msongo zinaweza kuanza hivi:

Lala. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Simu ilale chumba kingine. Shida ya saa nane usiku iandikwe kwenye karatasi, ingoje asubuhi.

Kula kwa wakati. Usiruke kifungua kinywa kwa sababu ya kazi. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu hukopesha nguvu za kesho, na kesho hudai na riba.

Tembea. Mwendo wa nusu saa kwa miguu hupunguza mkazo ambao mwili umeuandaa kwa ajili ya kukimbia simba.

Pumua. Moyo unapokwenda mbio, keti, vuta pumzi taratibu kwa pua, kisha itoe kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta. Rudia kwa dakika chache. Mwili utaelewa kwamba hatari imepita.

Na mwalimu yule? Shemasi alimwita mzee wa kanisa. Mzee akaingia, akaziona bahasha mezani, akamwona mwalimu analia. Hakuuliza juu ya fedha. Alivuta kiti, akaketi, akasema, “Mwalimu, leo umekula?”

Ikapita kimya. Kisha akajibu, “Tangu jana mchana sijala, mzee.”

Mzee akatoka, akarudi na mama mmoja wa Dorkas aliyebeba sahani ya wali na maharage. Mwalimu akala wakimtazama. Baada ya hapo shemasi akahesabu tena. Noti mbili mpya za shilingi 2,000 zilikuwa zimegandana.

Ni nani katika nyumba yako anayehitaji mkate leo, kabla hajaulizwa swali lolote?

JUMATANO
Swali la Pangoni

Soma 1 Wafalme 19:9–14. Mungu alimwuliza Eliya swali lile lile mara mbili. Kwa nini anayejua yote anauliza?

Baada ya siku 40 Eliya alifika Horebu, mlima ule ule ambapo Musa alisimama. Sasa amelala, amekula, ametembea. Sasa anaweza kuulizwa. Mungu akamwuliza anafanya nini pale.

Eliya alijibu kwa uchungu. Ametumika kwa bidii, watu wameliacha agano, manabii wameuawa, yeye amebaki peke yake, na sasa wanamtafuta wamwue. Mungu akamsikiliza mpaka mwisho. Ukapita upepo wenye nguvu, tetemeko, na moto, kisha ikaja sauti ya upole. Akaulizwa tena. Akajibu tena, karibu neno kwa neno. Mungu hakumkatiza akisema kwamba hayo amekwisha kuyasema.

Mtu aliyelemewa huhitaji kulisema jambo lake zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza hutoa hasira. Mara ya pili huanza kujisikia mwenyewe anavyosema. Ndiyo maana zaburi nyingi huanza na kilio na kumalizika na sifa. Aliyezitunga alipewa nafasi ya kulia kwanza. Maombi ya mtu mwenye msongo si lazima yawe na mpangilio mzuri. Yanaweza kuwa orodha ya mambo yanayomtisha, yaliyotajwa moja moja mbele za Bwana. Paulo anatuambia haja zetu zijulikane na Mungu (Wafilipi 4:6), na haja isiyotajwa kwa jina lake hubaki kuwa wingu zito kifuani.

Ukishayataja, yatenge mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale unayoweza kuyafanyia kitu juma hili, hata kama ni kidogo: kumpigia simu anayekudai mkubaliane upya, kwenda kupimwa, kumwomba mtu msamaha. Fungu la pili ni yale usiyoyaweza: mvua, uamuzi wa mtu mwingine, lililopita. La kwanza, anza na moja. La pili, mkabidhi Bwana kwa kulitaja, na kila linaporudi usiku, mkabidhi tena.

Mungu pia aliisahihisha hesabu ya Eliya, lakini alifanya hivyo mwishoni. Eliya alisema amebaki mmoja. Mungu alisema wamo 7,000 ambao hawajampigia Baali magoti (fungu la 18). Msongo hutufanya tuhesabu vibaya, kama noti zilizogandana. Mtu huona walio kinyume naye, asiwaone walio upande wake. Yafaa wakati huo mtu mwingine ahesabu pamoja nasi, kwa upole, tukiwa tumekwisha kula.

Andika jambo moja ambalo umekuwa ukijiambia juma hili kwa neno “kila mtu” au “peke yangu”. Je, hesabu hiyo ni sahihi?

ALHAMISI
Mzigo Uliogawanywa

Soma 1 Wafalme 19:15–21, Kutoka 18:13–23 na Hesabu 11:14–17. Ni jambo gani linalofanana katika jinsi Mungu alivyomsaidia Musa na alivyomsaidia Eliya?

Mungu hakumstaafisha Eliya, wala hakumrudisha kazini vile vile. Alimpa kazi yenye mipaka, watu watatu wa kupakwa mafuta, na mmoja wao, Elisha, awe mrithi wake. Huyo ndiye wa kwanza ambaye Eliya alimwendea. Alimkuta shambani akilima na jozi kumi na mbili za ng'ombe, akamtupia vazi lake. Aliyesema amebaki peke yake hakutembea peke yake tena mpaka siku alipochukuliwa.

Musa alipoketi kuwaamua watu tangu asubuhi hata jioni, Yethro mkwewe hakumsifu kwa bidii. Alimwambia waziwazi kwamba afanyalo si jema, maana atajichosha yeye na watu pia. Akashauri wateuliwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Musa, nabii aliyesema na Mungu, alimsikiliza baba mkwe. Baadaye, mzigo ulipomlemea tena hata akaomba kufa, Mungu aliwatwaa wazee 70 wauchukue pamoja naye.

Kanisa linapaswa kujipima hapa. Ni kawaida yetu kumpa kazi mtu aliye tayari kufanya kazi, na kumwongezea mpaka avunjike. Mwalimu yule alikuwa mhazini wa kanisa, kiongozi wa Shule ya Sabato ya watoto, na mtunza fedha wa kamati ya makambi. Nyumbani alikuwa na mama mkwe mgonjwa na mkopo wa kikundi. Sabato yake ilianza saa kumi na moja alfajiri na kwisha usiku, kwa vikao vitatu. Siku aliyopewa na Mungu kuwa pumziko ilikuwa imegeuka siku yake nzito kuliko zote.

Kumbukumbu la Torati 5:14, 15 inaifungamanisha Sabato na kutoka utumwani. Mtumwa hana ruhusa ya kuacha kazi. Aliye huru anayo. Kila juma Bwana anatuambia tuache kazi zikiwa bado hazijakwisha, ili tujue kwamba dunia haisimami juu ya mabega yetu. Kanisa linaloijaza Sabato kwa vikao vinavyoweza kufanyika Jumapili au Jumatano jioni huwanyima watumishi wake zawadi hiyo.

Kukataa kwa adabu nako ni uwakili. Mtu anaweza kusema, “Nashukuru kwa kuniamini. Kazi hii nitaiharibu nikiichukua sasa. Naomba apewe mwingine, nami nitamwombea.” Aliyeambiwa hivyo asinung'unike. Na anayekataa asijisikie kwamba amemwacha Bwana. Eliya alimtupia Elisha vazi, na kazi ya Bwana ikaendelea.

Baraza la kanisa lile lilikutana siku ya Jumatano. Halikumwondoa mwalimu kwa aibu. Lilimwuliza ni kazi ipi anaipenda. Akabaki na hazina, akapewa msaidizi kijana wa kumfundisha. Watoto wakapata kiongozi mwingine, na fedha za makambi zikashikwa na mzee mmoja mstaafu. Akina mama wa Dorkas wakapanga zamu ya kukaa na mama mkwe alasiri mbili kwa juma. Mkopo haukufutika. Usingizi haukurudi siku moja, na mganga wa kituo cha afya alimtaka aendelee kuonana naye. Lakini baada ya miezi miwili alionekana tena kwenye kwaya.

Ni jukumu gani moja unalopaswa kumtupia Elisha wako? Na ni nani ambaye wewe unaweza kuwa Elisha wake?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Katika kitabu cha Ellen G. White, Manabii na Wafalme, soma sura zinazosimulia safari ya Eliya kutoka Yezreeli hadi Horebu. Angalia jinsi mwandishi anavyomwona Mungu kuwa karibu na mtumishi wake katika saa ya kukata tamaa. Soma pia Zaburi 42, Zaburi 127:2, Mathayo 11:28–30 na 1 Petro 5:7.

Tumejifunza kwamba kulemewa si dhambi, bali ni taarifa: mwili na roho vinasema kwamba safari imezidi nguvu. Taarifa hiyo ikisikilizwa mapema, mtu hupumzika na kuendelea. Ikifichwa, hujitangaza yenyewe, pengine kwa kilio juu ya shilingi 2,000.

Tumejifunza pia utaratibu wa Mungu. Alimpa Eliya usingizi na mkate, akamsikiliza mara mbili, akairekebisha hesabu yake, akamgawia mzigo na kumpa mwenzi. Anayeutumia utaratibu huu kwa jirani yake anafanya kazi ya malaika.

Hatimaye, kumbuka mwisho wa Eliya. Mtu aliyeomba kufa chini ya mretemu hakufa kamwe. Alichukuliwa mbinguni akiwa hai, mwenzi wake akitazama (2 Wafalme 2:11). Karne nyingi baadaye alisimama na Yesu juu ya mlima, pamoja na Musa, yule mwingine aliyewahi kuomba kufa (Mathayo 17:3). Wawili hao ndio waliotumwa kuzungumza na Mwokozi juu ya saa yake nzito iliyokuwa inakuja (Luka 9:30, 31). Mungu asingewajibu vile walivyoomba, kwa sababu alikuwa na jibu jema zaidi.

Maswali ya Kujadili

1. Darasani, someni tena 1 Wafalme 19:5–8. Katika kanisa lenu, mtu akisema amechoka huambiwa nini kwanza? Je, jibu hilo linafanana na la malaika?

2. Orodhesheni vikao na shughuli zote zinazofanyika siku ya Sabato katika kanisa lenu. Ni zipi zinazoleta pumziko na ibada, na ni zipi zingeweza kuhamishiwa siku nyingine? Nani atalipeleka jambo hili kwenye baraza la kanisa?

3. Kwa nini baadhi yetu huona ni rahisi kuomba maombi kwa ajili ya malaria kuliko kwa ajili ya akili iliyochoka? Darasa lifanye nini ili mtu aweze kusema bila kuogopa kusengenywa?

4. Kabla hamjaachana, kila mmoja amfikirie mshiriki mmoja ambaye hajaonekana kwa majuma kadhaa. Mkubaliane ni nani atamtembelea juma hili, na atambebea chakula gani.